Jina la pili: Waliopewa kaunti za Kisii na Nyamira bila kupigiwa kura

Keroka ni mji wenye magavana wawili. Umekaa juu ya mpaka, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik: sehemu yake iko Nyaribari Masaba, Kaunti ya Kisii, na sehemu nyingine iko Kitutu Masaba, Kaunti ya Nyamira. Siku ya soko, mama akitua mkungu wake wa ndizi chini, mara nyingi mtoza ushuru humfikia kabla ya mnunuzi. Na tangu ugatuzi uanze, mzozo wa hapo umekuwa ule ule: ushuru wa Keroka uingie mfuko wa nani?

Majina ya magavana yenyewe si siri kwa mtu yeyote sokoni. Upande wa Kisii ni Simba Arati, upande wa Nyamira ni Amos Nyaribo. Lakini anayetaka kuelewa siasa za Gusii, eneo la Kisii na Nyamira, tangu uchaguzi wa kwanza wa magavana, ule wa 2013, hatafika mbali akifuata jina la kwanza peke yake. Mengi mazito yaliyotokea katika kaunti hizi mbili yameletwa na jina la pili kwenye tiketi, la mgombea mwenza, mtu ambaye hakuna mpiga kura aliyewahi kumpigia kura yake mwenyewe. Nyaribo alianzia hapo. Kisii nayo imeona naibu mmoja akikosana na mkubwa wake hadi wakawa kambi mbili, na mwingine akitimuliwa kazini na Seneti.

Karatasi sita

Jumatatu ya Machi 4, 2013, Wakenya walirauka alfajiri kupiga kura kwa mara ya kwanza chini ya Katiba iliyopitishwa katika kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita, kila moja na rangi yake: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na diwani. Foleni zilikuwa ndefu. Katika vituo vingi nchini mitambo ya kutambua wapiga kura iligoma, makarani wakarudi kwenye sajili ya karatasi, na wazee wakasubiri juani huku wakiulizana ipi ni ya nani.

Karatasi ya gavana ndiyo iliyokuwa ngeni kuliko zote. Mbunge alijulikana, na diwani pia. Lakini hakuna Omogusii aliyewahi kumchagua mtu wa kusimamia hospitali, barabara za mashinani, kilimo na shule za chekechea za eneo lote, halafu akabaki na uwezo wa kumtoa baada ya miaka mitano. Kisii, kaunti nambari 045, ilikuwa na watu 1,152,282 kwa sensa ya 2009, maeneobunge 9 na wadi 45. Nyamira, nambari 046, iliyokuwa zamani sehemu ya wilaya ya Kisii, ilikuwa na watu 598,252, maeneobunge 4 na wadi 20.

Chama cha ODM kilizoa viti vyote viwili. Kisii ilimchagua James Ongwae, mtumishi wa umma wa miaka mingi aliyefikia ngazi ya katibu mkuu wa wizara, na naibu wake akawa Joash Maangi. Nyamira ilimchagua John Nyagarama, naibu wake akiwa Amos Nyaribo. Raila Odinga naye aliongoza kura za urais katika kaunti zote mbili, ingawa kitaifa Uhuru Kenyatta alipita kwa asilimia 50.07. Gavana hahitaji nusu ya kura kama rais. Anayetangulia, hata kwa kura moja, ndiye mshindi.

Watu waliimba majina mawili, Ongwae na Nyagarama. Maangi na Nyaribo waliingia ofisini wakiwa wamebebwa.

Serikali iliyotumwa

Ili kuona ukubwa wa siku ile, inafaa kukumbuka jinsi serikali ilivyofika Gusii. Januari 1908 kijana aliyeitwa Otenyo alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, Geoffrey Northcote, aliyekuwa akisimamia wilaya. Masimulizi ya Abagusii yanasema Otenyo alichochewa na Moraa, nabii wa kike aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona. Waliolipa ni wenyeji: askari wa King's African Rifles walivamia vilima, wakachoma nyumba, wakaua watu na kuswaga ng'ombe kwa maelfu. Otenyo alikamatwa na kuuawa.

Northcote aliendelea kupanda cheo katika utumishi wa kikoloni, na kati ya 1937 na 1941 alikuwa gavana wa Hong Kong. Huko pia hakuna aliyemchagua. Gavana wa enzi hizo alikuwa mtu wa kutumwa na London, na chini yake kulikuwa na mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya na chifu, kila mmoja ameteuliwa na aliye juu yake.

Uhuru ulipokuja ngazi hiyo haikuvunjwa. Ilibadilisha watu tu. Mwanasiasa mkubwa kuliko wote waliotoka Gusii, Simeon Nyachae, aliipanda: mtoto wa Chifu Musa Nyandusi, akawa mkuu wa mkoa, kisha Katibu Mkuu Kiongozi wa serikali ya Moi, ndipo akaingia bungeni na hatimaye kuwania urais mwaka 2002 kwa tiketi ya Ford-People, akashika nafasi ya tatu. Mabaraza ya miji na ya kaunti yalikuwepo, lakini meya na mwenyekiti walichaguliwa na madiwani, na Waziri wa Serikali za Mitaa aliweza kuyatikisa akiwa Nairobi. Ndiyo maana Machi 2013 ilikuwa siku kubwa. Kwa mara ya kwanza mtu wa juu kabisa katika eneo alitoka debeni.

Na kwa kuwa macho yote yalikuwa kwa mtu wa juu, wachache walijali nani anakaa kando yake.

Wiki ile ya Desemba

Nyagarama alichaguliwa tena 2017, akiwa na Nyaribo vile vile. Desemba 18, 2020 alifariki akiwa hospitalini Nairobi, na kabla ya mwaka kwisha Nyaribo alikuwa ameshaapishwa kuwa gavana wa pili wa Nyamira. Hakukuwa na uchaguzi mdogo. Kifungu cha 182 cha Katiba kinasema kiti kikibaki wazi, naibu anakikalia hadi mwisho wa muhula.

Linganisha na Nairobi wiki hiyo hiyo. Siku moja kabla ya kifo cha Nyagarama, Seneti ilimwondoa Gavana Mike Sonko. Nairobi haikuwa na naibu tangu Polycarp Igathe ajiuzulu Januari 2018, kwa hiyo Spika wa bunge la kaunti, Benson Mutura, aliapishwa kukaimu, tarehe ya uchaguzi mdogo ikatangazwa na kuzuiwa mahakamani, na Anne Kananu akaidhinishwa kuwa naibu Januari 2021. Ilichukua hadi Novemba mwaka huo kabla Kananu hajaapishwa kuwa gavana kamili. Nyamira ilivuka msiba wake kwa siku chache. Hiyo ndiyo faida ya jina la pili, na ni faida ya kweli. Nyeri iliihitaji mara mbili katika mwaka mmoja wa 2017, Nderitu Gachagua alipofariki na baadaye Wahome Gakuru. Bomet iliihitaji 2019 alipofariki Joyce Laboso.

Ila faida hiyo ina bei. Watu wa Nyamira walipata gavana ambaye hawakupata kumpima peke yake. Kisha Nyaribo, akiwa sasa jina la kwanza, akahitaji naibu wake. Katiba haikusema neno juu ya pengo la naibu gavana. Ni Mahakama ya Juu iliyoliziba 2018, katika ushauri uliotokana na mzozo wa Kaunti ya Embu, ikasema gavana ateue mtu ndani ya siku 14 na bunge la kaunti limpigie kura ndani ya siku 60. Kwa njia hiyo daktari James Gesami, aliyekuwa mbunge wa Mugirango Magharibi, akawa naibu. Kati ya hapo na uchaguzi wa Agosti 2022, Nyamira iliongozwa na watu wawili ambao hakuna aliyepigiwa kura kwa kiti alichokalia.

Nyaribo alikwenda kuomba kibali chake 2022 kwa tiketi ya chama kidogo, United Progressive Alliance, na akawabwaga wagombea wa vyama vikubwa. Kwa vile alirithi kiti ikiwa imebaki chini ya miaka miwili na nusu, kipindi kile cha urithi hakihesabiwi kuwa muhula. Sheria inamruhusu kugombea tena 2027. Kura za wananchi alizipata, lakini amani na madiwani hakuipata. Majaribio ya kumbandua yamerudi tena na tena. Novemba 2025 bunge la kaunti lilitangaza kwamba hoja imepita, lakini mwezi uliofuata Seneti ikaitupa kabla hata ya kusikiza mashtaka, kwa sababu kulikuwa na kura zilizohesabiwa kwa niaba ya madiwani ambao hawakuwa ukumbini, na bila hizo theluthi mbili haikutimia.

Kisii, ndoa mbili

Kisii haikufiwa na gavana, lakini ndoa zake mbili za kisiasa zote zilivunjika.

Ya kwanza ni ya Ongwae na Maangi. Walishinda pamoja 2013, wakashinda pamoja 2017 dhidi ya Chris Obure, seneta wa kwanza wa kaunti, aliyekuwa amehamia chama cha Jubilee. Katika muhula wa pili kila mmoja alishika njia yake. Ongwae alibaki na Raila. Maangi akawa mtu wa William Ruto na mmoja wa sauti zake kubwa Gusii. Waliendelea kuitwa gavana na naibu, lakini mikutano ya hadhara ilikuwa ya kambi mbili. Ruto alipoingia Ikulu, Maangi aliteuliwa kuwa balozi wa Kenya nchini Uganda.

Ya pili ilivunjika kwa kishindo. Mwaka 2022 Simba Arati, aliyekuwa mbunge wa Dagoretti Kaskazini huko Nairobi kwa mihula miwili, alirudi nyumbani na kumshinda Ezekiel Machogu wa UDA. Mgombea mwenza wake alikuwa Robert Monda. Kwa wasiomkumbuka, Monda ndiye aliyemwangusha Nyachae katika Nyaribari Chache mwaka 2007 na kufunga ukurasa wa mzee huyo bungeni. Hakuwa mtu wa kubebwa. Alikuwa na historia yake na wafuasi wake, na pengine ndiyo sababu alitafutwa.

Haikupita miaka miwili. Mwishoni mwa Februari 2024 madiwani wa Kisii walipitisha hoja ya kumwondoa Monda, na Machi 2024 Seneti ikaithibitisha. Miongoni mwa madai ilikuwa kwamba alitumia ofisi yake kujinufaisha katika suala la ajira kwenye kampuni ya maji ya Gusii, naye aliyakana madai hayo. Mwaka uliotangulia madiwani wa Siaya walikuwa wamemng'oa naibu wao, William Oduol, lakini Seneti ikamwokoa. Monda hakuokolewa. Miezi saba baadaye, Oktoba 2024, nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni kuangalia Seneti hiyo hiyo ikimwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua. Kisii ilikuwa imeshaucheza mchezo huo kwa udogo wake. Arati alimteua Elijah Obebo, bunge la kaunti likaidhinisha, na kwa mara nyingine mwananchi akaambiwa naibu wake mpya ni fulani.

Yaliyotokea New York

Wamarekani waliliona tatizo hili la jina la pili mapema. Mwaka 1777, katikati ya vita vya uhuru, jimbo la New York lilipitisha katiba yake na kumchagua gavana wa kwanza. Wengi wa tabaka la juu walitarajia Philip Schuyler, tajiri wa mashamba na jenerali, ashinde. Wakati huo gavana na naibu wake walipigiwa kura mbali mbali, na matokeo yakawa kioja: George Clinton alishinda viti vyote viwili. Alichukua ugavana, akakiacha kile kidogo, nacho kikamwendea Pierre Van Cortlandt, aliyekikalia hadi 1795.

Clinton huyo huyo alibakia gavana mwaka 1792 kwa tofauti ya kura 108 tu dhidi ya John Jay, baada ya kura za kaunti tatu kutupwa kwa hoja za kitaratibu, mojawapo ikiwa kwamba muda wa shirifu aliyezipokea katika Kaunti ya Otsego ulikuwa umekwisha. Aliyefuatilia Seneti ikihesabu nani alikuwa ukumbini Nyamira na nani hakuwa, hatashangaa. Mwishowe Clinton naye aligeuka jina la pili: alikuwa Makamu wa Rais chini ya Thomas Jefferson na kisha James Madison, akafia ofisini 1812 bila kuupata urais.

New York baadaye iliunganisha tiketi, wawili wakawa wanapigiwa kura moja. Texas na California hadi leo huwachagua mbali mbali, na huko gavana anaweza kuamka na naibu wa chama pinzani. Kenya ilichagua njia ya tiketi moja, na Kifungu cha 180 kimekata shauri wazi: hakuna uchaguzi wa peke yake wa naibu gavana, gavana akitangazwa, mwenza wake anahesabiwa amechaguliwa.

Sioni sababu ya kuiga Texas. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na Kisii imetuonyesha vurugu za mafahali walioingia kwa mlango mmoja. Wakiingia kwa milango miwili itakuwaje? Tatizo letu liko kwingine, nalo lina sehemu mbili.

Cheo bila kazi, jina bila maswali

Kwanza, naibu gavana ana cheo kikubwa na kazi isiyojulikana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inasema atamwakilisha gavana na anaweza kupewa idara ya kusimamia. Anaweza, si lazima. Na akikaimu wakati gavana hayupo, haruhusiwi kuteua wala kufuta mtu kazi. Mtu mwenye gari, walinzi na ofisi, lakini bila kazi aliyoandikiwa, atatafuta kazi. Kwa kawaida huipata kwenye siasa za 2027.

Pili, jinsi anavyopatikana. Katika Gusii mwenza huteuliwa kwa hesabu za koo na maeneo. Mgombea akitoka upande mmoja, naibu atafutwe kwingine: Abagetutu, Abanyaribari, Ababasi, Abagirango, Abamachoge, Abanchari, kila mmoja na hesabu yake ya kura. Hesabu hiyo si dhambi. Inazuia kaunti nzima kuonekana shamba la ukoo mmoja. Lakini ni hesabu ya kushinda. Haiulizi kama huyu mtu anaweza kuendesha hospitali ya rufaa, bajeti ya mabilioni na wafanyakazi wanaogoma, iwapo jina la kwanza litaitwa na Mungu au na Seneti.

Na hesabu hiyo imewasahau wanawake kabisa. Ongwae, Maangi, Nyagarama, Nyaribo, Gesami, Arati, Monda, Obebo: magavana na manaibu wote wa kaunti hizi mbili tangu 2013, na hakuna mwanamke hata mmoja.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027. Arati na Nyaribo wote wana ruhusa ya sheria kuomba muhula mwingine, na wapinzani wao wameshaanza kuonekana kwenye harambee na matanga. Kila mmoja wao atasimama siku moja kwenye jukwaa la Gusii Stadium au uwanja wa Nyamira, aushike mkono wa mtu fulani na kuuinua juu, na umati utashangilia.

Hapo ndipo pa kuanzia kuuliza. Huyu uliyemwinua atasimamia idara gani, na imeandikwa wapi? Mkikosana, mtapatanishwa na nani kabla madiwani hawajaingilia? Naye mwenyewe aombwe kipaza sauti, aeleze bajeti ya afya kwa dakika kumi bila mkubwa wake kumsaidia. Vyombo vya habari vinavyoandaa midahalo ya wagombea ugavana viandae na ya wenza wao. Wazee wanaokaa kupatanisha hesabu za koo waongeze swali moja kwenye hesabu hiyo: je, tungemchagua huyu kama angekuwa peke yake? Jibu likiwa hapana, basi asipewe jina la pili, kwa sababu Nyamira imeshatuonyesha kwamba umbali kati ya jina la pili na la kwanza unaweza kuwa usiku mmoja.